Homuweki ya nani hii?

Na Mwandishi Wetu

*Kila jioni wazazi, walimu wa tuisheni na sasa simu wanashindana kumpatia mtoto jibu. Asubuhi mwalimu anasahihisha kazi ambayo hajui ni ya nani.*

Saa mbili usiku, Mbagala. Sahani za ugali zimeondolewa, meza imefutwa ikabaki na umajimaji, na mpwa wangu wa darasa la tano ametandika gazeti la juzi ili daftari lisilowe. Hisabati, maswali kumi. Amefika la tano:

20 − 8 + 5 =

Ameandika 7.

Nikamwambia hapo aangalie tena. Hakuangalia. Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyesoma zamani. "Mjomba, MAGAZIJUTO! Unaanza kujumlisha, halafu ndiyo unatoa." Akanionyesha kwa ncha ya penseli: nane na tano kumi na tatu, ishirini toa kumi na tatu, saba.

Kwa aliyesahau, MAGAZIJUTO ni mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kifupisho kitamu mdomoni, na watoto hukiimba. Kina mtego mmoja tu: jumlisha na toa vina cheo kimoja, na kilichotangulia kushoto ndicho kinachofanywa kwanza. Gawanya na zidisha nao ni hivyohivyo. Kwa hiyo 20 toa 8 ni 12, ongeza 5 unapata 17. Mtoto aliyeshika herufi bila kuambiwa hilo atajumlisha kwanza kila mara, na atakosa akiwa na uhakika kamili.

Dada yangu akasikia kutoka jikoni. "Mwache bwana, ndivyo walivyofundishwa. Ukimbadilishia atakosa."

Nikaweka daftari kando. Nikamuuliza binti: una shilingi elfu ishirini, umenunua mchele wa elfu nane, umerudi nyumbani nikakupa elfu tano. Una shilingi ngapi?

Hakuchelewa. "Kumi na saba." Kisha akanyamaza, akaitazama ile saba yake. "Sasa niandike ipi?"

Ndilo swali lililonifanya niandike makala haya. Alikuwa na majibu mawili, moja la dukani na moja la shuleni, na kilichomsumbua ni lipi litapata tiki.

Hesabu ya mwalimu

Tuanze na anayesahihisha, maana ndiye anayelaumiwa kwanza.

Darasa lina watoto mia moja. Kila daftari lina maswali kumi. Mwalimu akilipa kila daftari dakika moja tu, ameshamaliza saa moja na dakika arobaini, na hilo ni somo moja. Ana jingine la Kiswahili na jingine la Sayansi, na vipindi vya kufundisha, na wanawe mwenyewe nyumbani wanaosubiri kusaidiwa.

Watoto mia moja si mfano niliouchota hewani. Serikali ilipofuta ada na michango kuanzia Januari 2016, wazazi walifurika kuandikisha darasa la kwanza, na katika shule nyingi za msingi za mijini mkondo mmoja kuzidi watoto mia likawa jambo la kawaida. Ulikuwa uamuzi mwema. Watoto waliokuwa wakiuza karanga stendi waliingia darasani. Lakini mwalimu hakuongezewa macho.

Basi anafanya anachoweza. Pengine anasoma majibu kwa sauti na watoto wanabadilishana madaftari. Pengine anapiga tiki moja ndefu inayoshuka ukurasa mzima na kutia sahihi. Njia zote mbili zinaangalia kitu kimoja, jibu. Daftari la aliyejua, la aliyenakili kwa rafiki kwenye daladala na la aliyefanyiwa na shangazi yote yanatoka sawasawa.

> Daftari la aliyejua na la aliyefanyiwa na shangazi yote yanatoka sawasawa.

Ndiyo maana matokeo ya Uwezo, mpango wa kupima watoto majumbani, yaliposomwa kwa mara ya kwanza yaliwashtua wengi. Kuanzia 2009 Kenya, na 2010 Tanzania na Uganda, wapimaji wa mpango huo walipita nyumba kwa nyumba, wakimkalisha mtoto uani na kumpa hadithi na hesabu za kiwango cha darasa la pili. Huko uani hakukuwa na wa kunakili kwake, wala dada wa kumnong'oneza. Katika duru hizo za mwanzo, chini ya nusu ya watoto wa darasa la tatu wa Tanzania waliweza kusoma ile hadithi. Wengi wao walikuwa na madaftari yenye tiki.

Mwaka 2015 madarasa mawili ya mwanzo yalipewa mtaala uliojikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Juu zaidi, hali ya Hisabati bado ni ileile ya kusikitisha: kidato cha nne mwaka 2023, takriban robo tu ya watahiniwa ndio waliofaulu somo hilo.

Kosa lina akili yake

Waandikie watoto wa darasa la tatu 52 − 17. Wengi watakupa 35. Mmoja atakupa 45, na hapo watu wazima hukimbilia kumwambia hakuwa makini.

Alikuwa makini sana. Kwenye mamoja aliona 2 na 7, akajua 2 haitoshi kutolewa 7, akageuza: 7 toa 2 ni 5. Kwenye makumi 5 toa 1 ni 4. Amefuata kanuni yake mwenyewe, "ndogo itoke kwenye kubwa", bila kuteleza hata mara moja. Mpe 83 − 46 atakuletea 43. Mpe 61 − 28 atakuletea 47. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, waliandika juu ya makosa ya namna hii na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya wanafunzi "wazembe" wanafuata kanuni mbovu kwa uaminifu mkubwa.

Sasa mama akifuta 45 na kuandika 35, kanuni ile mbovu imebaki kichwani. Kilichofutwa ni ushahidi peke yake.

(Kuhusu "kukopa" kumi wakati wa kutoa, mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kwa dhati: tukikopa kumi kwa jirani, tunarudisha lini? Sikuwa na jibu la haraka. Nafikiri ingefaa tumwambie mtoto tunavunja noti ya kumi kuwa chenji. Hilo analifanya kila siku dukani.)

"Amemzidi" si "zidisha"

Hisabati ina uchungu wake, lakini katika meza nilizokaa kando yake jioni kadhaa, kilichowakwamisha watoto zaidi ni maneno. Chukua fumbo la kawaida kabisa:

*Asha ana maembe 12. Juma ana maembe 7. Asha amemzidi Juma kwa maembe mangapi?*

Mtoto wa jirani aliandika 84. Mama yake akashika kichwa. Mimi nikamwomba mtoto anisomee, akasoma vizuri, bila kukwama. Nikamuuliza 84 imetokeaje. Akaweka kidole kwenye neno "amemzidi". Zidi, zidisha. Kumi na mbili mara saba.

Hakuna Mswahili asiyejua tofauti ya kumzidi mtu na kuzidisha. Mtoto huyo anamwambia mdogo wake "nimekuzidi" kila wanapopimana urefu mlangoni. Ila akifika kwenye daftari anaiweka lugha yake pembeni na kuwinda neno la kumwelekeza alama. Akiona "jumla" anaweka +, akiona "baki" anaweka −. Mpe fumbo hili: *Juma alipotoa maembe 8 alibakiwa na 5, mwanzo alikuwa na mangapi?* Ataandika 3, kwa sababu ameona "alipotoa".

Dawa haikuhitaji mwalimu. Mama alimwambia mwanawe, "Funga kitabu, niambie hadithi yake." Mtoto akaanza: Asha ana maembe mengi, Juma machache... Akasita. "Aa! Tano." Mama mwenyewe aliishia darasa la saba, na ana genge la nyanya na vitunguu pale kona.

Na hapo Kiswahili chetu kinastahili kusifiwa kidogo. Mtoto wa Kiingereza anayejifunza kuhesabu hukariri "eleven" na "twelve", ambayo hayamwambii chochote. Sisi tunasema kumi na moja, kumi na mbili, na thamani ya nafasi imo ndani ya jina. Tunakuja kujikwaa kwenye ishirini, thelathini na arobaini tulizozipokea kutoka Kiarabu, ambako "makumi mawili" hayaonekani tena. Nimemwona bibi mmoja akimweleza mjukuu thelathini kwa kumwita "makumi matatu" na kumpangia mafungu ya kokwa za ubuyu sakafuni.

Soma nisikie

Bibi huyo ni mama yangu. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sasa macho yamefifia. Jioni anamwita mjukuu: "Njoo usome nisikie." Mtoto anasoma ukurasa wa kitabu chake cha Kiswahili. Akimaliza, bibi anasema, "Haya, mimi sikuwa makini. Nihadithie."

Sijaona kipimo cha ufahamu kinachoipita sentensi hiyo.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyeshika silabi, ba be bi bo bu, anaweza kutamka karibu kila neno, likiwamo asilolielewa. Kwa sababu hiyo kusoma kwa sauti kunatudanganya sana. Jaribu sentensi hii niliyoibuni, isiyo na maana yoyote:

*Mzee Mdombe alifwenya vibwilimo vitatu sokoni.*

Mzee Mdombe alifwenya nini? Vibwilimo vitatu. Alivifwenya wapi? Sokoni. Umepata mawili kwa mawili, na hujui hata kama kufwenya ni kununua au kupiga chafya. Maswali mengi ya ufahamu yanayokuja nyumbani yanajibika hivyohivyo: mtoto anatafuta mstari wenye maneno yanayofanana na swali, anaunakili mzima, anapata tiki. Muulize kwa nini Mzee Mdombe alifwenya, au wewe ungefanya nini, ndipo utajua kama alikuwa sokoni pamoja naye.

> "Haya, mimi sikuwa makini. Nihadithie."

Dereva asiyejua hesabu

Jirani yangu wa upande wa pili anaendesha bajaji ya mtu. Hesabu, kwake, ni fedha anayompelekea bosi kila jioni, na anaipeleka siku sita. Ya saba ni yake. Kichwani anagawa mafuta, hesabu, chakula na faini za barabarani bila kalamu. Mwanawe anasoma shule ya Kiingereza. Mtoto akija na swali la "fraction" na "denominator", baba anamsukuma kwa dada yake, au anatoa jero la tuisheni.

"Mimi hisabati sijui," aliniambia, akihesabu chenji.

Anajua. Alifundishwa kiasi na asili, na KDS, kigawe kidogo cha shirika, katika shule ya msingi iliyotumia Kiswahili, kama sera ilivyotaka tangu 1967. Moja ya saba anaiishi kila wiki. Kilichobadilika ni majina, na majina yakamtia aibu mbele ya mtoto. Kinyume chake huonekana watoto wa shule za serikali wanapofika kidato cha kwanza: walilolijua shule ya msingi kwa Kiswahili, Januari wanalikuta kwa Kiingereza kana kwamba ni jipya.

Aibu hiyo inaambukiza. Utafiti uliochapishwa 2015 na timu ya Chuo Kikuu cha Chicago, kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, uligundua kwamba wazazi wenye hofu ya hesabu waliosaidia homuweki mara kwa mara walikuwa na watoto waliojifunza hesabu kidogo zaidi na kuingiwa na hofu zaidi. Kwa wenye hofu hiyohiyo lakini wasiosaidia sana, madhara hayo hayakuonekana. Kwa hiyo dada yangu aliyesema "mwache bwana" alikuwa na sababu nzuri kuliko alivyojua.

Lakini jero la tuisheni nalo linanunua nini? Kwenye baraza moja la mtaani kwetu watoto thelathini wa madarasa tofauti wanakaa kwenye mikeka mbele ya kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita. Ana bidii, simlaumu. Mzazi analipa ili daftari lirudi limejaa, naye anahakikisha linajaa: anaandika majibu ubaoni. Mwenzake wa mtaa wa pili hana hata ubao. Anakaa na watoto watano na kila mmoja anamwambia, "Umepataje?" Wazazi wanamlalamikia kuwa mwendo wake ni wa kinyonga.

Simu ina jibu na njia

Wakati wetu mwalimu aliandika kwa wino mwekundu, "Njia iko wapi?" Jibu tupu halikutosha. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulianza kujibiwa kwa kuweka kivuli penye jibu lililochaguliwa, kwenye fomu inayosahihishwa kwa mashine, na kelele zilizopigwa kuhusu Hisabati za kuchagua zilikuwa za haki. Hata hivyo, nyumbani njia ilibaki kuwa ushahidi.

Sasa haupo tena. Photomath, programu iliyobuniwa Kroatia na kutoka mwaka 2014, inapiga picha swali na kuleta hatua zote. Roboti za mazungumzo zilizokuja baadaye zinaandika hata insha. Mtoto wa kidato cha pili mwenye simu ya mama na bando la siku anaweza kuleta njia safi kuliko ya mwalimu.

Teknolojia si adui tu. Ubongo Kids, katuni zinazotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, zimefundisha hesabu kwa Kiswahili na nyimbo kupitia runinga. Mkoani Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa tableti watoto karibu elfu tatu wa vijijini, na kwa miezi kumi na tano baadhi yao walijifunza kusoma Kiswahili karibu bila mwalimu. Mwaka 2019 zawadi ikagawanywa kwa timu mbili, Kitkit School na onebillion. Tableti zile zilimrudishia mtoto herufi aliyoikosa mpaka aipate. Simu ya mama inampa jibu ili alale mapema.

Zifutwe?

Wapo wanaosema homuweki za shule ya msingi zifutwe, na hawasemi ovyo. Ufaransa ilipiga marufuku za kuandika kwa shule za msingi tangu 1956, ingawa walimu wengi huko wameendelea kuzitoa kimyakimya. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyekusanya tafiti za miaka mingi, alionyesha 2006 kwamba uhusiano wa homuweki na ufaulu ni wa wazi kwa wanafunzi wa sekondari na hafifu kwa watoto wadogo. Kenya, sheria ya elimu ya 2013 inakataza tuisheni za likizo, na mtaala wao wa umahiri umewafanya wazazi walalamike kwamba wao ndio wanaopewa kazi: kata maboksi, tafuta mbegu, kachapishe picha mjini.

Walimu niliozungumza nao wanageuza shutuma. Shule isiyotoa homuweki, wanasema, mzazi anaihama. Yeye ndiye anayetaka kurasa zijae.

Mimi sitaki zifutwe. Nataka zipunguzwe, maswali matatu badala ya kumi, na kosa liachwe lifike shuleni likiwa hai. Mzazi akiandika pembeni kwa penseli "hapa alikwama, alisema hivi", mwalimu wa watoto mia moja amepata kitu ambacho hakuwa na muda wa kukitafuta. Najua pia wapo watakaomchapa mtoto kwa kosa hilohilo lililoachwa likiwa hai. Hao ndio wanaowafanya akina mama wafute 45.

Swali la tano

Usiku ule mpwa wangu hakufuta 7. Aliikata mstari mmoja, akaandika 17, na chini yake, kwa herufi ndogo: *nina 20, nimenunua mchele 8, mjomba amenipa 5*. Mama yake akasoma, akasema mwalimu atadhani tunamfundisha kazi, akarudi jikoni.

Daftari lilirudi Jumatano. Maswali tisa yalikuwa na ile tiki ndefu ya kushuka. Pembeni ya la tano palikuwa na kosa jekundu, la kukandamiza kabisa hadi ukurasa wa nyuma umevimba. Kosa lenyewe lilikuwa limekatwa kwa wino uleule, na mbele yake pana tiki ndogo, kisha maneno mawili: *Mjomba nani?*